Nilivyorudi Kupiga Magoti Dranya

Mama yangu haoni, lakini anajua sauti ya mtu inatoka kimo gani. Macho yake yalizimika polepole, jicho moja kwanza na la pili miaka michache baadaye, na tangu hapo masikio yakachukua kazi zote. Anajua nani ameingia uani kwa namna anavyoburuta kandambili. Anajua ni mbuzi yupi aliyekata kamba. Na alijua, muda mrefu kabla mimi mwenyewe sijakubali, kwamba binti yake nilikuwa nimeacha kumpigia magoti.

Kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwanamke humsalimu mzazi wake akiwa chini. Hata awe mwalimu mkuu, hata awe amekuja na gari lake, akifika kwa mama yake anashusha magoti ardhini, ndipo anatoa mkono. Mimi nilifanya hivyo tangu nipate akili. Kisha mwili ukanenepa, magoti yakaanza kulalamika, nami nikaanza hila. Kwanza nikawa nainama tu. Halafu nikawa navuta kigoda na kukaa, nikijidanganya kwamba sauti ya mtu aliyekaa na ya mtu aliyepiga magoti ni moja.

Siku moja nilitoka Arua, ninakoishi na kushona nguo, nikaenda Dranya kumwona mama kwa kaka yangu mkubwa, ambako ndiko anakotunzwa. Nikavuta kigoda changu, nikatoa salamu zote moja baada ya nyingine. Mama akaitikia zote. Halafu akasema, "Siku hizi wewe nanisalimia toka juu kama afande. Mimi iko kuruta yako?"

Lazima nieleze Kiswahili cha mama. Baba yangu alikuwa askari, na mama alijifunza lugha hii kambini, kati ya wake wa askari waliotoka kila upande. Kikakwa, lugha ya kwetu, alikiweka kwa ajili ya kugombeza. Kiswahili cha kambini kilikuwa cha mapenzi, cha biashara na cha kutania, na sisi watoto tulikipokea hivyohivyo. Hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani, miaka niliyokwenda Nairobi kujifunza ushonaji, na mama akinisikia nikikizungumza huuliza kama nimekuwa mtangazaji wa redio.

Basi mzaha ule ukanichoma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikawii. Nikasukuma kigoda, nikashuka, nikapiga magoti mbele yake na kumsalimu upya toka mwanzo hadi mwisho. Kushuka kulikuwa rahisi, kwa sababu uzito wenyewe ulinisaidia. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilijaribu mara ya kwanza, nikajaribu ya pili, kisha nikabaki pale nimeshika udongo kwa mikono miwili. Kaka na mke wake wakaja wakanishika kwapani, kila mmoja upande wake, wakanivuta huku wakipumua kwa nguvu. Mama alisikia yote.

"Acha, mwanangu," alisema niliporudi kwenye kigoda. "Salimia mimi toka juu. Mimi nasikia tu."

Kusamehewa kule kuliniuma kuliko mzaha. Nilicheka mbele yao, lakini kwenye gari la kurudi Arua nilijifunika mtandio usoni nikalia. Mama ni mzee sana. Katika dini yetu binti ndiye anayemwosha mama yake akifariki, na aliwahi kuniambia kwamba mikono anayoitaka ni yangu. Sikutaka siku nitakayoshuka tena chini mbele yake iwe siku ile ya kumwosha. Nilitaka anisikie kutoka chini angali anasikia.

Wiki hiyohiyo nikaenda kituo cha afya. Nesi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kusema maneno yaleyale kwa watu wengi. Alinipima presha, akanitoboa kidole kupima sukari, akanionyesha mizani. Nilivua viatu. Nikavua saa. Nilipoanza kufungua kilemba akasema, "Mama, hata ukitoa hereni, kilo haitoki."

Akaandika, akaniangalia juu ya miwani. "Presha iko juu. Sukari iko juu. Kilo iko juu. Kitu moja tu iko chini, kutembea yako."

"Na magoti, sista?"

"Magoti haina makosa. Iko nabeba watu wawili, na mushahara iko ya mutu moja."

Alinipa vidonge, na vidonge hivyo ninavimeza mpaka leo. Sitaki mtu asome habari hii akatupe dawa zake. Nilimwomba aniandikie orodha ya vitu vyote vya kuacha. Nilikuwa tayari kuacha kila kitu siku hiyohiyo, kwa hasira. Akakataa.

"Mimi nikikupa listi, wewe nafuata siku tatu, halafu nakula na hasira. Badili kitu moja. Ikizoea, rudi hapa, tunabadili ingine."

Nilimwona mvivu. Leo namwombea dua kila Ijumaa.

Kabla sijasimulia nilichobadili, niutendee haki unene wangu. Haukuwa uzembe mtupu. Nilipokuwa mdogo, vita vilipopindua maisha ya West Nile, tulivuka mpaka kwa miguu kuingia Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Mama alitembea na mdogo wangu mgongoni, mimi mkononi, na kaka mbele na sufuria kichwani. Kule mama alilima mashamba ya watu apate muhogo. Mdogo wangu alikonda, akakonda, hadi akawa mwepesi mgongoni kuliko nguo iliyombeba, na tukamzika kule.

Baada ya kila mlo mama alituuliza swali moja: "Imetosha?" Kaka alikuwa amenifundisha jibu. Alinifundisha kwa kunifinya paja, kwa sababu mara ya kwanza nilisema kweli, na mama akanisogezea sehemu yake akalala bila kula. Tangu siku hiyo nilijibu, "Imetosha, Mama," hata kama tumbo lilikuwa linapiga ngoma. Sisi wote watatu tulijua si kweli, na tulishukuru Mungu hivyohivyo.

Tuliporudi nyumbani Koboko, ambako ndiko Dranya iliko, na baadaye mashamba yalipoanza kutoa, mama aliniangalia mimi kama mtu anayedai fidia kwa mwili wangu. Alinilisha. Enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, alinikatia vipande vikubwa kama matofali. Kila nilipoongezeka alinishika mkono wa juu, akaubonyeza, akatabasamu. Sokoni Arua wateja waliniambia nimependeza, nimekuwa mama kweli. Mafuta yale yalikuwa ushahidi kwamba tumerudi salama. Nayashukuru hata sasa. Yalinibeba miaka mingi, kabla hayajanigeuka.

Kitu cha kwanza nilichobadili kilikuwa sukari ya chai. Nilikuwa natia vijiko vinne, na kwa siku nilikunywa vikombe visivyopungua vitano, ukiacha chai ya wageni ambayo haihesabiwi. Nikapunguza nusu kijiko. Nikakaa na nusu hiyo wiki mbili, nikinuna. Kisha nusu nyingine. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na mimi buyu langu nilikuwa nimelimaliza mara nyingi. Ilinichukua nusu mwaka kufika chai isiyo na sukari, na siku niliyofika sikuona tofauti. Nilipokwenda Dranya na kunywa ya pale, ndipo nikagundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nakunywa sharubati ya moto.

Cha pili kilikuwa bodaboda. Nyumba yangu iko upande wa Ombaci, na duka langu liko mjini. Kuna mwendeshaji mmoja aliyenibeba miaka mingi, asubuhi na jioni, mtu mzima mwenye wajukuu. Jioni moja nikamwomba anishushe kwenye uzio wa misheni, mbali kidogo na kwangu, nimalizie kwa miguu. Alinishusha akinitazama kwa wasiwasi. Wiki mbili baadaye nikamwomba anishushe mapema zaidi. Akazima pikipiki.

"Mama, niambie tu. Pikipiki yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa. Nataka kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Nyumbani."

"Lakini mimi ndiyo nakupeleka nyumbani."

Hatukuelewana siku ile. Lakini alikuwa mtu wa imani, hakuniacha. Nilipoendelea kushuka mapema, akawa anachukua mkoba wangu wa nguo, anaufunga kwenye kiti nilichokikalia zamani, anautanguliza nyumbani. Ikafika mahali mkoba ndio unaopanda bodaboda kila jioni na mimi natembea njia nzima. Majirani waliona hiyo ni dalili ya wazimu.

Safari ile sikuitembea peke yangu. Baraza la duka langu nalitumia pamoja na mwanamke aliyetoka Sudani Kusini, anayeuza milaya, mashuka yanayotariziwa maua kwa mkono. Yeye ni Mkristo, mimi ni Mwislamu. Yeye ni mrefu kama mlingoti na mimi nilikuwa mfupi wa kila upande. Siku nilipomwambia nimeanza kutembea kwa sababu nesi amesema, alicheka mpaka sindano ikamwanguka.

"Dada yangu, mimi nilitembea toka kwetu mpaka mpakani. Hakuna daktari alisema."

Kisha akaokota sindano. Nami nikakumbuka sufuria kichwani mwa kaka. Jioni hiyo alikunja milaya yake, akasema njia yake na yangu ni moja, twende. Tangu hapo tumetembea pamoja karibu kila jioni. Hatua yake moja ni yangu mbili. Mwanzoni kwenye mwinuko nilisimama kila baada ya nyumba chache nikijifanya naangalia mahindi ya watu, naye alisimama kuyaangalia pamoja nami, bila kuuliza kwa nini mahindi yaleyale yananivutia kila siku. Nikihesabu watu walionirudishia mwili wangu, yeye hakosi.

Cha tatu kilikuwa cherehani. Nilikuwa nimefunga mota ya umeme ili mguu upumzike. Nikamwita fundi aifungue, nikarudi kukanyaga. Wiki ya kwanza nilishona polepole kiasi kwamba mteja mmoja aliniuliza kama gomesi yake, lile vazi refu la sherehe, itakuwa tayari kwa arusi ya mwanawe au ya mjukuu. Nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Lakini miguu ilizoea, na umeme unapokatika, kama unavyokatika, wenzangu wanakaa na mimi naendelea.

Ugumu wa kweli ulikuwa chakula cha Dranya. Nyumbani kwangu ninaishi peke yangu, mume wangu alishatangulia na watoto wana nyumba zao, kwa hiyo hakuna anayeangalia sahani yangu. Nesi alinishauri nitumie sahani ndogo, mboga nusu yake, na nikafanya. Lakini kwa mama wanawake tunakula pamoja kwenye sinia moja, enyasa katikati na bakuli la majani ya kunde yenye simsim pembeni. Anayepakua chakula chake kwenye sahani ya peke yake ni mchoyo, au ana ugomvi na mtu. Na mama husikiliza. Anajua mkono wa nani umekwenda bakulini mara ngapi. Nikiacha kula mapema huuliza, "Mkono yako nalala?"

Nikafikiri, nikapata hila nyingine, na hii sikuionea aibu. Nikawa nafinyanga tonge dogo, dogo kama karanga mbili, lakini mkono wangu nikaupeleka bakulini mara zilezile. Mama alihesabu safari, hakuweza kupima mzigo. Akaridhika. Nikashiba, maana tonge dogo likitafunwa polepole nalo hushibisha, jambo ambalo sikulijua kwa sababu sikuwahi kumaliza kutafuna.

Sitaki mtu adhani nilikwenda mbele tu. Kulikuwa na arusi moja Ajia, kwa wakwe, ya siku tatu. Siku ya kwanza nilikula kwa adabu. Siku ya pili mtu aliniwekea nyama ya mbuzi iliyokaangwa na mafuta yake, nikasema kidogo tu. Siku ya tatu sikumbuki kama nilisema kitu. Nilirudi nimevimba, na kwa aibu nikaacha kila kitu: nikapanda bodaboda hadi mlangoni, nikatia sukari, nikajiambia kwamba nilizaliwa hivi. Wiki mbili nilimkwepa jirani yangu wa milaya. Wiki ya tatu alikaa mlangoni pa duka, mkoba wangu mkononi, akasema hatoki mpaka nitoke. Kwa nesi nilikwenda nikitarajia kugombezwa. Aliandika tu kilo zangu, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe narudi kwa kitu gani kwanza?" Nikasema kutembea.

Hivyo mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Mimi ni fundi, mwili wangu niliusoma kwa mishono. Fundi mwenye akili huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, ili nguo iweze kupanuliwa mwenye nguo akinenepa. Gomesi zangu zote nilikuwa nimemaliza akiba. Nilifumua na kupanua hadi ukingo. Sasa nikawa nafumua na kubana. Futi yangu ya kupimia imezunguka viuno vya nusu ya wanawake wa Arua, na sikuwahi kujizungushia mwenyewe, kwa uoga. Siku niliyojizungushia, ncha zikakutana na kipande kirefu kikabaki kikining'inia, nilikaa chini dukani nikasema alhamdulillahi kwa sauti, mteja akaja mbio akidhani nimejichoma sindano.

Asubuhi, baada ya sala, nilifanya mazoezi yangu ya siri kando ya kitanda. Nilipiga magoti na kuinuka. Mwanzo nilishika kitanda kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha nikagusa ukuta kwa kidole. Miaka kadhaa nilikuwa nasali kwenye kiti. Asubuhi paji la uso wangu liliporudi kugusa mkeka, nilibaki pale muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Lakini kwa mama sikusema neno. Nilitaka siku nitakayopiga magoti mbele yake niinuke mwenyewe, bila kushika mtu. Nilitaka kumshangaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu mtu hakondi bure. Anayenenepa amebarikiwa, anayekonda anaumwa, na kama hasemi anaumwa nini, basi ni ule ugonjwa usiotajwa. Mjini nilianza kuona wateja wakipunguza sauti nikiingia. Mmoja aliniletea mizizi imefungwa kwenye gazeti, akaniachia mezani bila kunitazama. Mwingine aliniambia pole, nikamuuliza pole ya nini, akasema pole ya kazi. Mimi ugomvi huu niliufurahia. Niliwaambia naumwa ugonjwa wa kutembea, na kwamba unaambukiza, wakae mbali na mwanamke wa milaya. Nilicheka nao wote, nikamsahau mtu mmoja asiyeona kwa macho.

Nilipokwenda Dranya baada ya mfungo, mama alinishika mkono wa juu kama kawaida, akabonyeza. Vidole vyake vikasimama. Vikashuka hadi kiwiko, vikapanda tena.

"Wewe nakula?"

"Nakula, Mama. Si unasikia?"

"Nasikia," akasema, akauachia mkono wangu. Hakuuliza zaidi. Kwetu mgonjwa anayeficha haulizwi. Anasubiriwa aseme mwenyewe. Mimi niliona ameridhika. Nilirudi Arua nikiimba.

Wiki mbili baadaye kaka akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa na unyenyekevu ambao sikuuzoea, maana yeye ni mtu wa kunitania. Akasema mama ananiita Jumamosi, nije bila kukosa, na nivae vizuri. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Kuja tu, dada. Sisi iko na wewe."

Jumamosi nilifika Dranya nikakuta uani mikeka imetandikwa. Shangazi wawili walikuwepo. Majirani walikuwepo. Sheikh alikuwa ameketi na vitabu vyake, na nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa amekwisha chunwa. Nilisalimia huku nikitafuta kwa macho nani amefariki. Shangazi mkubwa akanishika uso kwa mikono miwili, akaanza kulia.

"Iko nini?" nikamuuliza kaka. "Nani amekufa?"

Kaka akanivuta pembeni. "Hakuna mutu amekufa. Ni dua. Dua yako." Akatazama mikeka. "Mama nasema wewe nakwisha. Nasema mkono yako iko kama ya mdogo yetu, yule ya Zaire."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niwagombeze wote, kuanzia yeye mpaka sheikh. Maneno yalikuwa tayari, na kwa hasira sijawahi kupungukiwa.  Ndipo nilipomwona mama ameketi kwenye mkeka wake, mgongo umenyooka, kitambaa chake kizuri kichwani, uso umeelekea upande wangu akisubiri nitoe sauti. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa napungua kwa ajili yake, na yeye kila nilipopungua aliona anamzika tena yule mdogo wetu. Sikuwa nimemwambia. Aibu niliyoipata pale naijua ladha yake hata leo.

Nikatembea hadi mbele yake.  Nikapiga magoti, goti moja, kisha la pili, nikamsalimu.

Mkono wake ukaja kunitafuta. Ulinitafuta mahali nilipozoea kuwa, kwenye kimo cha kigoda, ukashika hewa. Ukabaki pale juu, vidole vimefunguka, na nikaona hofu ikipita usoni mwake.

"Wewe iko wapi?"

"Niko hapa chini, Mama."

Mkono ukashuka. Ukakuta kilemba changu, ukapapasa paji la uso, ukashuka begani, ukaendelea hadi kwenye goti langu lililolala juu ya mkeka wake. Akaligonga kwa kidole kama mtu anayepima chungu.

"Nani nakushika?"

"Hakuna mtu."

"Simama."

Nikasimama. Sikushika kitu. Kaka alikuwa ameshakuja mbio kunidaka, mikono mbele, akabaki amesimama na mikono yake mitupu. Mama alisikiliza mpaka sauti ya nguo yangu ilipotulia.

"Piga magoti tena."

Nikapiga. Akaniambia nisimame tena, nikasimama. Mara ya tatu shangazi mkubwa akasema, "Mwache mtoto, amechoka," na mama akamjibu kwa Kikakwa, lugha yake ya kugombeza, anyamaze. Nilipiga magoti mara ya nne bila kuambiwa. Pale chini nikamwambia yote: nesi, chai, misheni ya Ombaci, mkoba unaopanda bodaboda, cherehani, tonge la karanga mbili. Nikamwambia sikuwa naumwa, nilikuwa narudi. Nikamwomba radhi kwa kumficha. Watu wote walisikia, na kwa mara moja sikujali.

 Machozi yalimtoka mama, akayaacha yashuke.

"Hii hila ya tonge," alisema mwishowe, "mimi nilijua." Sidhani kama alijua, lakini sikubishana. Kisha akageuka upande wa sheikh. "Sheikh, soma. Dua iko ileile, lakini sasa iko ya asante. Mbuzi amekufa, hatuwezi kumrudisha."

Watu wakacheka, na sheikh akasoma. Niliinua mikono pamoja nao, na sijawahi kusikia amina nyingi hivyo kwa ajili ya mtu mzima.

Sinia ilipoletwa tukaizunguka wanawake wote, mama kushoto kwangu. Nilinyoosha mkono, akaukamata katikati ya njia na kuurudisha mapajani mwangu. Yeye mwenyewe akaupeleka mkono wake kwenye enyasa. Alikata kipande, akakifinyanga kwa vidole, akasita. Akakigawa nusu, nusu moja akairudisha kwenye sinia. Iliyobaki akaifinyanga tena, akaichovya kwenye kunde, akanitia mdomoni kama alivyokuwa akifanya Zaire. Lilikuwa tonge dogo, dogo kuliko yote aliyowahi kunipa kwa mkono wake. Akaendelea hivyo, moja baada ya jingine, akingoja kila mara nimalize kutafuna.

Kisha akafuta vidole, akainamisha kichwa upande wangu.

"Imetosha?"

Kaka, aliyekuwa kwenye sinia ya wanaume, akageuza shingo.

"Imetosha, Mama," nikasema, na ilikuwa kweli.